KIFUTU, NYOKA ASIYEKIMBIA
Maelezo kwa wakulima wa Dodoma na nchi ya kati

Katika karatasi hii nataka kueleza habari za kifutu, nyoka mnene mwenye sumu, ambaye wakulima wa Dodoma, Singida na nchi yote ya kati humwona mara nyingi kuliko wapendavyo. Katika sehemu nyingine huitwa bafe au moma. Wataalam wa wanyama humwita Bitis arietans. Na hilo jina la arietans alipewa na Mjerumani Blasius Merrem mwaka 1820.

Yako mambo mawili ambayo kila mkulima hana budi kuyajua juu ya nyoka huyu. La kwanza, hakimbii. La pili, haji kwetu kwa ajili yetu, bali huja kwa ajili ya panya. Na panya huja kwa ajili ya nafaka yetu. Mtu akiyashika hayo mawili, ataelewa kwa nini watu huumwa, na ataona kwamba njia nyingi za kujilinda zimo katika kazi yake mwenyewe ya kila siku, shambani na nyumbani. Tena nitaeleza yapasayo kufanywa mtu akiumwa, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza mguu, au uhai, kwa kushika mambo yasiyofaa.

NAMNA ALIVYO

Kifutu ni nyoka mfupi ukilinganisha na unene wake. Wengi wana urefu wa futi tatu hivi, yaani karibu mita moja, nao wakubwa hufika mita moja na nusu. Kichwa chake ni kipana, kimebapa, mfano wa pembe tatu, nacho kimetengwa na mwili kwa shingo nyembamba. Matundu ya pua yake hutazama juu. Magamba yake hukwaruza, maana kila gamba lina mgongo mdogo katikati. Hayang'ai kama magamba ya chatu. Rangi yake hufanana na udongo na majani makavu ya nchi akaayo: kijivu, kahawia au manjano, na mgongoni ana alama nyeusi mfano wa herufi V, zilizopangwa tangu shingoni hata mkiani.

Watu wengi humfananisha na mtoto wa chatu, na kosa hilo lina hatari kubwa. Chatu ana magamba laini yenye kung'aa, na mabaka yake ni mapana yasiyo na mpango wa V. Lakini asiyekuwa na hakika asimsogelee nyoka ili kumchunguza magamba. Amwache.

Meno yake ya sumu ni mawili, nayo yako mbele katika taya la juu. Ni marefu, ya kifutu mkubwa hufika sentimeta moja na nusu, na ndani yana tundu kama sindano ya daktari. Anapofunga kinywa, meno hayo hukunjwa nyuma. Anapokifungua ili kuuma, husimama. Kwa hiyo sumu yake hupelekwa ndani sana ya nyama, wala haibaki juu ya ngozi.

Mwendo wake wa kawaida ni wa polepole na wa kunyoka, kama wa kiwavi, akijivuta kwa magamba ya tumbo. Katika vumbi la njia zetu wakati wa kiangazi, alama yake ni mstari mnene ulionyoka, usio na mizingo. Akishtuliwa aweza kwenda kwa kujipinda kama nyoka wengine. Huogelea vizuri, na mara nyingine hupanda kichaka kifupi.

KAZI YAKE NI KUNGOJA

Nyoka wengi wakisikia mtetemo wa miguu ya mtu katika ardhi, huondoka. Koboko, ambaye sumu yake yaua upesi zaidi, mara nyingi huwa amekwisha kwenda zake kabla hujamwona. Kifutu sivyo. Yeye hutegemea kujificha. Hujilaza kando ya njia ya panya, chini ya kichaka au kati ya majani makavu, asitikisike, na aweza kukaa hivyo siku nyingi akingoja mawindo yapite. Mtu naye akipita, hukaa vivyo hivyo, akitumaini kutoonekana. Mara nyingi watu kumi hupita karibu naye wasijue. Wa kumi na moja humkanyaga.

Wengine husema, "Mimi ninaye mbwa, atanionya." Lakini tumaini hilo si imara. Mwaka 2015 wataalam wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, walitoa habari za majaribio yao. Waliwafundisha mbwa, pamoja na wanyama wa jamaa ya nguchiro wa huko kusini, kutambua nyoka kwa harufu. Wanyama hao waliwatambua nyoka wa aina nyingine, lakini kifutu hai hawakuweza kumtambua kwa pua zao. Basi huyu nyoka hufichwa na rangi yake, na kwa pua za wanyama pia amefichika. Mbwa wako aweza kupita juu yake kama wewe upitavyo.

Tena ana werevu wa kuvuta mawindo. Imeonekana kwamba hutoa ulimi na kuutikisa polepole ili chura audhani kuwa mdudu na kusogea. Tena huweza kutikisa ncha ya mkia wake kwa shauri hilo hilo. Mwili wote uliobaki umetulia kama gogo.

Akiudhiwa, hujijaza hewa na kuitoa kwa sauti kubwa, mfano wa mivukuto ya mhunzi. Ukisikia sauti hiyo, simama papo hapo, angalia ilipotoka, kisha rudi nyuma polepole. Lakini usiitegemee sauti hiyo kuwa ni onyo la kila siku. Mara nyingi hatoi sauti yo yote mpaka mguu umemfikia, na anapopiga, jicho la mtu haliwezi kufuata upesi wake.

Hupenda kuwinda usiku. Jioni hutoka, mara nyingi hujilaza katika njia au barabara ambayo udongo wake umeshika joto la mchana. Hiyo ndiyo saa watu warudipo kutoka shambani, kisimani na mnadani, wengi bila taa.

KIFUTU, PANYA NA NAFAKA

Chakula chake kikubwa ni panya, ingawa hula pia vyura, mijusi na ndege. Na panya wa mashamba yetu ni mnyama wa kuogopwa kuliko tunavyomwogopa. Jike huzaa watoto kumi na zaidi kwa mzao mmoja, na mvua ikiwa njema na chakula kikiwa tele, huongezeka ghafula kama nzige. Hufukua mbegu kabla hazijaota, hula masuke, kisha hufuata mavuno mpaka ndani ya ghala. Wataalam wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambao wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi, wamekisia kwamba hasara ya mahindi kwa ajili ya panya katika Tanzania ni wastani wa sehemu 15 katika kila 100.

Katika nchi ya Ugogo jambo hilo si dogo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa mwaka ni kama milimita 550 hata 600 tu; ikikatika katikati, uwele na mtama hukauka. Habari za njaa iitwayo Mtunya, iliyokuja baada ya vita vya kwanza vya dunia kupita katika nchi hii, zingali zikisimuliwa na wazee kama walivyozipokea kwa wazazi wao. Katika nchi ya namna hiyo, debe moja la uwele lililoliwa na panya ni siku kadha wa kadha za chakula cha watoto.

Sasa mfikirie kifutu. Mwaka 2025 wataalam wa chuo kile kile cha Witwatersrand walionyesha kwamba panya wanapozidi, kifutu aweza kuongeza ulaji wake hata mara 12 kuliko kawaida, na mmoja aweza kumeza panya wapatao kumi kwa mlo mmoja. Panya wakipungua, hukaa muda mrefu bila kula, asife. Kwa hiyo shambani, mbali na nyumba, anafanya kazi ambayo mkulima angelipa fedha kufanyiwa. Bundi naye, ingawa wengi humwogopa, hufanya kazi iyo hiyo, pamoja na nguchiro na paka wa nyumbani.

Sisemi haya ili mtu ampende kifutu. Nayasema ili tuone mlango anaoingilia. Nyumba yenye panya wengi humwita nyoka. Ukimwua kifutu mmoja uani na kuacha chakula cha panya kimwagike, umefungua nafasi kwa mwingine. Ukiwaondoa panya, umeondoa chakula chake, naye hana sababu ya kukaa kwako.

UZAZI WAKE

Kifutu hatagi mayai nje kama chatu au koboko. Mayai hukua tumboni mwa mama, na watoto huzaliwa wakiwa hai. Kwa kawaida huzaa watoto 20 hata 40, lakini wakubwa huzaa zaidi. Jike mmoja aliyetoka Kenya na kufugwa katika bustani ya wanyama huko Czechoslovakia alizaa watoto 156 kwa mara moja, na haijajulikana hesabu kubwa kuliko hiyo kwa nyoka ye yote duniani.

Mtoto wa kifutu ana urefu wa shibiri moja hivi, naye huzaliwa na meno yake na sumu yake. Watoto wa watu hudhani ni kitu cha kuchezea kwa sababu ni mdogo. Wafundisheni kwamba hakuna kifutu mdogo asiye na hatari. Walakini si wote wanaokua. Wengi huliwa na tai, na ndege karani, na mumbi, na nguchiro, na nyegere, na hata nyoka wenzao.

KAZI ZENYE HATARI

Watu walio wengi huumwa mguuni, chini ya goti, au mkononi. Zifikirini kazi zetu za mwaka, mtaona kwa nini.

Wakati wa kupalilia, mtu huinama katika majani, mkono wake ukitangulia mahali asipopaona. Wakati masuke yanapokomaa, watoto na wazee hukaa shambani kuamia ndege, maana kweleakwelea huweza kumaliza shamba la uwele kwa muda mfupi; na pasipo dungu, hukaa na hata kulala chini. Wakati wa kuvuna, mabua hulazwa mafungu mafungu, panya hujificha chini yake, na baada ya siku chache mtu huja kuyainua kwa mikono miwili. Walimao zabibu Hombolo na Makutupora huingiza mikono chini ya mizabibu yenye majani yasiyopaliliwa. Wachungaji wadogo hupita vichakani bila viatu, macho yao yakiwafuata mbuzi.

Juu ya kuni, walio Wakristo wataikumbuka habari ya Mtume Paulo katika kisiwa cha Melita. Alikuwa amekusanya mzigo wa kuni na kuuweka motoni, na nyoka akatoka kwa sababu ya joto akamshika mkono. Mzigo wa kuni tangu zamani ni mahali pa nyoka. Anayeokota kuni na augeuze kila mti kwa fimbo kwanza, ndipo aushike.

NAMNA YA KUJILINDA

1. Usiku usitoke bila taa, hata kama ni kwenda chooni tu. Mulika mahali utakapokanyaga, si mbele sana. Taa ndogo ya simu yatosha kumwonyesha kifutu njiani.

2. Vaa viatu vinavyofunika mguu. Viatu vya mpira virefu au vya ngozi ni bora. Lakini hata kiatu cha kawaida chenye suruali pana huzuia sehemu ya hatari. Ndala hazikingi kitu.

3. Chukua fimbo ndefu, nawe ipitishe katika majani mbele ya mguu na mbele ya mkono. Usitie mkono katika shimo, chini ya jiwe au ndani ya lundo usiloliona ndani yake.

4. Ukivuka gogo, kanyaga juu yake kwanza, utazame upande wa pili, ndipo ushuke.

5. Fagia ua, na njia ya chooni na ya zizini iwe wazi na pana. Ondoa majani kando ya kuta. Marundo ya mawe, matofali na mabua yasiwe karibu na nyumba. Kuni zipangwe juu ya uchaga.

6. Makapi ya kupepetea uwele na mtama yasiachwe ugani. Hayo ni karamu ya panya. Yachukue shambani yawe mbolea, au wape kuku chini ya macho yako.

7. Ghala liinuliwe juu ya nguzo, kiasi cha mita moja kutoka ardhini, na kila nguzo ivishwe bati lililokunjwa mfano wa mwavuli, ili panya apandaye asipite. Pasiwe na ukuta wala mti karibu ambao panya ataweza kuruka kutoka kwake. Wale wawekao nafaka katika vilindo ndani ya tembe waviweke juu ya uchaga, wavifunike vizuri kwa udongo, na kuziba kila tundu la panya katika ukuta. Pipa la bati lenye kifuniko ni bora zaidi kwa awezaye kulinunua.

8. Lala kitandani, si chini, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Chandarua huzuia mbu na nyoka pamoja. Walinzi wa shamba wajengewe dungu.

9. Mwonapo kifutu mbali na nyumba, mwacheni, mpite mbali. Akiwa uani, waondoeni watoto na mbuzi, mtu mmoja amwangalie akiwa mbali ili msimpoteze, na mwite ofisi ya wanyamapori au mtu aliyezoea kazi hiyo. Wengi wameumwa kwa sababu walitaka kumwua kwa kijiti kifupi. Na aliyekwisha uawa asishikwe kwa mkono. Kichwa kilichokatwa chaweza bado kuuma kwa muda.

SUMU YAKE

Sumu ya kifutu haifanyi kazi kama ile ya koboko. Sumu ya koboko hushika mishipa ya fahamu, na mtu hukosa pumzi. Ya kifutu huharibu nyama na mishipa ya damu. Maumivu huanza mara moja, nayo ni makali sana. Mahali pa jeraha huvimba, na uvimbe huweza kupanda mguu wote. Hutokea malengelenge, damu huchuruzika, na baadaye ngozi na nyama huweza kuwa nyeusi na kufa. Damu na maji ya mwili hujaa katika uvimbe, mtu hulegea, na moyo hukosa nguvu.

Lakini sumu hii mara nyingi haiui upesi. Afaye kwa kawaida hufa baada ya siku nzima au zaidi. Basi mtu wa kijijini aliyeumwa na kifutu mara nyingi ana saa za kutosha kufika hospitali, kama saa hizo hazikupotezwa.

Ugonjwa huu ulisahauliwa na wakubwa wa dunia kwa muda mrefu, kwa kuwa huwapata wakulima maskini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuandika katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yasiyopewa uangalizi wa kutosha. Shirika hilo hukisia kwamba watu 81,000 hata 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na kwamba walio mara tatu ya hao hukatwa kiungo au hupata kilema cha kudumu. Mwaka 2019 lilitoa mpango wa kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030.

MTU AKIUMWA

Mwondoe karibu na nyoka. Mlaze chini, umtulize kwa maneno, maana hofu na mbio huuharakisha moyo na kuisambaza sumu. Vua pete, bangili, shanga, kiatu na nguo ya kubana katika kiungo kilichoumwa kabla uvimbe haujazidi. Kifunge kiungo hicho pamoja na kijiti kilichonyoka, kama afungwavyo mtu aliyevunjika mfupa, ili kisitikisike. Kitambaa kiwe legevu, damu ipite. Angalia saa aliyoumwa na uikumbuke. Kisha mpeleke hospitali bila kukawia. Asitembee kwa miguu yake. Kama hakuna gari, na abebwe kwa machela. Na pakiwa na pikipiki tu, akae katikati, mtu mwingine akimshika kwa nyuma. Akitapika au akilegea, alazwe ubavu wa kushoto.

Sasa yasiyofaa. Usifunge kamba ya kukaza juu ya jeraha. Kamba hiyo huzuia damu isifike katika nyama ambayo tayari inaharibiwa na sumu, na huweza kusababisha mguu kukatwa. Usichanje kwa wembe, kwa kuwa sumu huizuia damu isigande, na chanjo hizo huweza kuvuja bila kukoma. Usinyonye kwa kinywa. Usichome kwa moto wala kwa umeme wa betri. Usipake mafuta ya taa wala majani. Usimpe pombe, wala aspirini, ambayo huzidisha kuvuja damu.

Juu ya jiwe la nyoka nitasema neno moja, kwa heshima ya wazee wanaolitumia. Mara nyingine nyoka huuma bila kutia sumu, au hutia kidogo tu. Mtu wa namna hiyo atapona, awe amewekewa jiwe au hakuwekewa, na jiwe litapata sifa. Lakini aliyepata sumu nyingi hataokolewa nalo, na saa alizokaa akingoja jiwe lidondoke hazirudi. Mganga mwema, aijuaye kazi yake, atamwambia mgonjwa aende hospitali kwanza.

Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa damu ya farasi waliozoezwa sumu kidogo kidogo. Njia hiyo ilijulikana tangu mwaka 1894 kwa kazi ya Mfaransa Albert Calmette na wenzake. Hutiwa katika mshipa wa damu, na daktari au mwuguzi aliye tayari kumwangalia mgonjwa, maana huweza kumdhuru mtu akipewa ovyo. Na dawa hiyo huishika sumu iliyo bado inazunguka mwilini. Nyama iliyokwisha kufa haiwezi kuifufua. Kwa sababu hiyo saa ya kwanza ina thamani kuliko ya pili, na ya pili kuliko ya tatu.

Msimfuate nyoka ili kumpeleka hospitali. Daktari atamtibu mgonjwa kwa dalili zake. Kama mtu amempiga picha kwa simu akiwa mbali, hiyo yatosha.

MIFUGO

Ng'ombe na mbuzi huumwa puani au mguuni wakati wa malisho. Pua iliyovimba huziba pumzi, na mnyama huweza kufa. Mweke kivulini, atulie, asiendeshwe, apewe maji, na aitwe bwana mifugo. Yale yasiyofaa kwa mtu hayamfai mnyama pia: asichanjwe wala asifungwe kamba.

KABLA YA MVUA

Waswahili husema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Dawa iliyo mbali nayo haimwokoi aliyeumwa, isipokuwa njia ya kuifikia imetengenezwa mapema. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, kabla mbegu hazijatiwa ardhini, yafaa kila kijiji kikutane na kukata maneno matatu. La kwanza: ni zahanati au hospitali ipi iliyo karibu yenye dawa ya sumu ya nyoka? Ulizeni sasa, msiulize usiku mgonjwa akiwa begani. La pili: ni nani mwenye gari au pikipiki atakayeitwa, na namba yake ya simu iandikwe mahali ambapo kila nyumba itaiona. La tatu: fedha ya mafuta itatoka wapi? Kila nyumba ikitoa kidogo wakati wa mavuno, fedha hiyo itakuwako tayari mvua zitakapoanza.

Kisha kila mtu arudi kwake, afagie ua wake, na kuinua ghala lake.